Mpira wa Mwisho Kabla ya Mvua

Alikuwa na sauti mbili. Moja ilikuwa ya kununulia sukari na kusalimiana barabarani, sauti ya kukwaruza ya mzee aliyevuta sigara nyingi ujanani. Ya pili aliitoa akiwa amekaa juu ya kiti chake tu. Haikuwa kubwa, wala hakuisukuma, lakini ilifika kila kona ya uwanja, ikavuka ukuta, ikateremka hadi ziwani. Wavuvi wa Nkanka waliwahi kuniambia, wakiwa mlangoni pa duka langu, kwamba asubuhi moja walipokuwa wanavuta nyavu walimsikia akihesabu pointi kwa Kifaransa juu ya maji: quinze, trente, quarante. Niliwaambia haiwezekani, kwa sababu wiki nzima ile mzee alikuwa Kigali kwenye mashindano ya wageni wanaocheza kwa fedha. Walitazamana, wakachukua nguo zao nilizowashonea, wakaenda zao.

Alikuwa mwamuzi wa tenisi. Kamembe yote ilimwita Arbitre, na sisi wa karibu tulimwita Mzee Arbitre. Kazi hiyo ilichekesha wengi. Mji ulikuwa umetoka kwenye vita, kila familia ina kaburi au inatafuta la kuchimba, halafu kuna mtu mzima amevaa kofia nyeupe anagombania kama mpira umegusa mstari au haukugusa. Na mimi nilicheka, mpaka aliponiajiri.

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa Bukavu, wazazi wangu walikuwa wakimbizi wa zamani, na baada ya vita ya tisini na nne tukavuka daraja la Rusizi kurudi kwetu, kwetu ambako mimi nilikuwa sijawahi kulala hata usiku mmoja. Nilifungua chumba kidogo Kamembe. Siku moja mzee akaleta suruali ya kupunguzwa. Akasimama mbele ya meza yangu akiniangalia nikikata kitambaa kwa mkono, bila chaki, na hakuondoka hata nilipomwambia arudi kesho.

"Maman," akasema, "niko natafuta macho. Mudomo niko nayo."

Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe alitaka mtu wa kukaa nyuma ya mstari wa mwisho na kusema mpira umetoka au la. Alikuwa haamini tena jicho la mtu mmoja, alisema, na kwa nini alikuwa haamini sikuuliza. Tangu siku ile akaniita Maman Ligne, Mama Mstari, na mjini wote wakamfuata. Hata leo wapo wanaoleta gauni kushonwa wakiulizia duka la Maman Ligne.

Uwanja wenyewe uko chini ya mji, upande wa ziwa, na ukikaa juu ya kiti cha mwamuzi unaona mabati ya Bukavu yakiwaka jua ng'ambo ya pili. Chini ni vumbi jekundu la matofali yaliyosagwa, na mistari ni ya chokaa. Ukichezea uwanja wa namna hii, mpira ukianguka unaacha alama ndogo ya duara. Wachezaji wakibishana, mwamuzi anashuka kwenye kiti, anatembea hadi kwenye alama, anainama, anasoma. Alama ikigusa chokaa, mpira ni mzuri. Kama kuna udongo mwekundu kati yake na mstari, umetoka. Mzee alikuwa akishuka ngazi za kiti taratibu kama padri anayeshuka altareni, na uwanja mzima ulikuwa unanyamaza, hata waliokuwa wanatafuna karanga.

Alinifundisha nisifuate mpira. Nitazame mstari, mpira utakuja wenyewe. Alinikataza pia kutazama nyuso za wachezaji, akisema uso unaomba, na wewe una huruma. Kwa hiyo kwa miaka mingi wachezaji wa mji huu niliwajua kwa viatu. Wakinisalimia sokoni ilinibidi nitazame chini kwanza ndipo nijue ni nani.

Yeye mwenyewe hakuwa malaika, msinielewe vibaya. Kwenye mpira wa miguu alikuwa mtu mwingine kabisa. Alisimama nyuma ya goli akimtukana mwamuzi wa watu kwa Kifaransa, Kinyarwanda na Mashi, mpaka mkewe akaacha kuongozana naye. Na kwenye karata alikuwa mwizi. Aliiba waziwazi, akificha kadi kwenye kofia ileile nyeupe, na ukimshika anacheka mpaka machozi yanamtoka. Nilimwambia siku moja kwamba sielewi mtu mmoja anawezaje kuwa hivyo. Akasema karata hazina kiti.

Lakini nje ya starehe hizo, mambo yote ya dunia kwake yalikuwa ya namna mbili. Watu wakigombana mbele yake na kumtaka ushahidi, alijibu "Nimeona" au "Sikuona", na baada ya hapo humtoi neno jingine. Hakusema "nadhani". Hakusema "inaonekana". Alipoitwa kwenye vikao vya mtaa kueleza ya wakati wa vita, watu waliogopa macho yake kuliko macho ya mahakimu, maana hakuongeza na hakupunguza. Mengi alijibu "Sikuona", na wengine walimchukia kwa hilo, wakisema mtu aliyeketi juu kuliko wote angeona zaidi.

Vita ya Kongo ilipoanza ng'ambo, mwaka wa tisini na sita, tulikuwa katikati ya mashindano ya wilaya. Bunduki zikaanza kulia Bukavu mchana kweupe, na baadaye zile kubwa zinazotetemesha vioo. Dada yangu alikuwa bado kule. Nilimtazama mzee nikitegemea atasimamisha mchezo. Hakusimamisha. Mlio ulipokuja katikati ya pointi aliinua mkono na kusema "À remettre", yaani pointi irudiwe, kwa kuwa mchezaji amesumbuliwa na kelele. Wakarudia. Mlio mwingine. Akainua mkono. Wakarudia. Pointi ile moja ilirudiwa mpaka kivuli cha wavu kikahama, na wachezaji wale wawili, watu wazima, wakaanza kulia huku wanacheza. Nilitazama mstari wangu tu. Nilimchukia siku hiyo, nasema kweli. Baadaye, dada yangu alipovuka salama, nilianza kufikiri kwamba labda mzee alikuwa anafanya kitu pekee alichojua cha kuzuia risasi: kusema haihesabiki.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kila mwaka, siku moja kabla ya mashindano kufunguliwa, saa sita mchana, Mzee Arbitre alipanda kiti uwanja ukiwa mtupu. Seremala mmoja wa Kamembe, Mwislamu mpole ambaye ndiye aliyetengeneza kiti kile upya baada ya cha zamani kuchanjwa kuni wakati wa vita, alikuja na raketi yake akasimama upande wa ziwa. Upande wa pili hakukuwa na mtu. Mzee alitangaza hesabu kwa ile sauti ya pili: égalité, yaani sare, seti ya mwisho. Akaita jina la seremala. Halafu akaita jina jingine, ambalo sitaliandika. Wakangoja. Kanuni zinasema mchezaji akiitwa asipotokea kwa muda uliowekwa, anatangazwa forfait, amepoteza. Muda ulipita, na mzee hakutangaza. Alisema "Suspendu", mchezo umesimamishwa, akashuka. Seremala akarudi kwenye mbao zake.

Kwenye benchi la mawe kando ya uwanja, kila mwaka, alikaa mama mmoja mzee kutoka Giheke, na mwavuli wake mweusi. Alisikiliza jina lile likiitwa, akainuka, akaenda. Alikuwa mama yake mwenye jina.

Seremala ndiye aliyenieleza. Jumapili ya mwisho kabla ya vita ya tisini na nne walikuwa wanacheza fainali, yeye na kijana huyo. Kijana alibakiza pointi moja tu ashinde. Akapiga mpira mkali kwenye kona ya mwisho, upande wa seremala. Seremala alikuwa ameteleza, yuko chini, hakuuona ukianguka. Hakukuwa na waamuzi wa mistari wakati huo, mzee alikuwa peke yake juu ya kiti. Akasema umetoka. Kijana akaomba alama ikaguliwe, ni haki yake. Mzee akaanza kushuka ngazi, na kabla hajafika chini mvua ya mwezi wa nne ikamwagika. Alipofika kwenye kona alikuta maji mekundu. Kanuni ni hiyo, alama isiposomeka neno la kwanza linabaki. Égalité, mchezo unaendelea.

Kijana alikuwa na safari. Mjomba wake alimngoja Bukavu, na aliaga nyumbani kwamba mechi ikiisha anavuka daraja jioni ileile. Alimshika mzee mkono wa shati kwenye mvua akamsihi wamalizie hata kwenye matope. Mzee akamjibu, "Utavuka dimanche." Mchezo uliosimamishwa huendelea pale ulipoachwa, na mchezaji wa kweli hauachi. Kijana akarudi Giheke kungoja Jumapili. Jumapili ilipofika hakukuwa na tenisi. Watu walikuwa wanawindwa, na yeye alikuwa miongoni mwao. Mama yake hakupata hata kiatu chake cha kuzika.

Maana yake, kama mpira ule ulikuwa mzuri, mechi ilikuwa imekwisha kabla ya mvua, na kijana alikuwa na ruhusa ya kuvuka. Hilo mji wote ulilijua na hakuna aliyelisema mbele ya mzee.

Na kuna alama. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa uwanja, na mimi ndiye niliyeufagia kwa lile zulia la kuburuta na kupiga mistari chokaa, kila mwaka, jioni ya kuamkia siku ile ya kuita majina. Nilifunga kwa kufuli. Asubuhi nilipofungua, vumbi lilikuwa limelala vizuri kama unga kwenye ungo, hakuna unyayo wa mtu wala wa paka. Lakini kwenye kona ya mwisho, upande wa seremala, kulikuwa na alama moja ya mpira, mbichi, kingo zake kali. Mwaka wa kwanza niliifuta nikidhani ni utundu wa mtu. Mwaka uliofuata ilikuwa palepale. Nikabadilisha kufuli. Ikaja. Nilipoinama kuitazama kwa karibu nilipata ubaridi wa mvua usoni, na mbingu ilikuwa safi. Sikuifuta tena, wala sikuisoma, maana kusoma alama ni kazi ya aliye kwenye kiti.

Mzee alijua. Kila mwaka alipita mbali na kona ile, shingo imekazwa, macho yametazama ziwa. Mtu yule aliyeishi kwa kushuka na kusoma alama! Nilimuuliza mara moja, tukiwa kwenye karata. Akanisimulia kisa cha Kigali, cha mchezaji mmoja mgeni aliyefuta alama kwa kiatu kwa hasira, naye akampa mpinzani pointi, kwa kuwa anayefuta alama mwenyewe amekubali kushindwa. "Ile siku mvua njo ilifuta," akasema. "Pointi nitapatia nani?" Akaendelea kugawa karata, na mara hiyo hakuiba.

Mwaka ambao vita ya pili ya Kongo ilikuwa inaelekea kuisha, macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu mweupe. Kigali hawakumwita tena. Alipanda kiti kwa kupapasa ngazi. Saa sita ikafika, seremala akasimama mahali pake akiwa na mvi tayari, mzee akatangaza égalité, akaita jina la kwanza, akaita la pili. Tukangoja. Na mama wa Giheke, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kufungua mdomo, akainuka kwenye benchi, akaingia uwanjani na viatu vyake vya plastiki, akasimama chini ya kiti.

"Arbitre, mi sijue hii muchezo yenu," akasema. "Kila mwaka unaita mutoto wangu, na mi nasikia anaitwa sawa muntu mwenye anachelewa. Padri anasema nimuombee misa ya bale balikufa. Namna gani nitaombea misa muntu mwenye bangali banamuita?"

Mzee akajibu kwa sauti ya kununulia sukari kwamba hawezi kusema forfait. Forfait ni ya aliyekataa kuja, na kijana hakukataa.

"Sikukuomba forfait. Nakuomba uangalie chini. Mupira yake iko pale."

Niliona mikono ya mzee ikishika mbao za kiti. Alisema hawezi kuhukumu mpira ambao hakuuona ukianguka. Mama akafunga mwavuli wake, hakuondoka. Nadhani hilo ndilo lililomshinda.

"Maman," akasema, "nikiangalia, na iko muzuri, basi ile siku mutoto alikuwa na ruhusa ya kuvuka. Njo mi nilimuzuiya."

"Najua," akasema mama. "Angalia."

Akashuka. Nilitaka kumshika mkono, akanikataza. Alitembea kando ya mstari mpaka kwenye kona, akapiga magoti, akainamisha uso karibu na vumbi, akatikisa kichwa: haoni. Basi akanyoosha kidole cha shahada, akakipitisha polepole juu ya ukingo wa alama. Akakiinua mbele ya jua. Kilikuwa cheupe kwa chokaa.

"Bonne," akasema, mpira ni mzuri. Alilisema kama mtu anayetapika. Akabaki amepiga magoti, na mabega yake yalitikisika, na hakuna aliyemkimbilia, kwa kuwa hakuna aliyejua kama ana haki ya kumfariji. Ni mama ndiye aliyemfuata. Alimpa mpini wa mwavuli ajiinulie, kwa namna anavyoinuliwa mzee yeyote, kisha akarudi kwenye benchi akakaa.

Mzee akapanda tena. Ile sauti ya pili nilikuwa nimeisikia miaka mingi lakini siku hiyo niliacha kutazama mstari, nikamtazama yeye. "Jeu, set et match." Yaani mechi imekwisha. Akataja jina la kijana kuwa mshindi. Sauti ilikwenda ziwani, na sikusikia ikirudi.

Mechi ikiisha, wachezaji hukutana kwenye wavu wakapeana mikono, halafu wote wawili humpa mkono mwamuzi. Ni desturi, hata waliotukanana huitimiza. Seremala akatembea mpaka kwenye wavu, akanyoosha mkono wake juu yake, ukabaki hewani. Niliona aibu kwa ajili yake. Kisha kiwiko chake kikashuka kidogo na kupanda, kama mkono wa mtu unavyofanya ukishikwa. Midomo yake ikasema "Bismillahi". Akaja kwenye kiti akampa mzee mkono. Mzee akamshukuru, halafu akageuka upande wa pili wa kiti, akainama, akanyoosha mkono tena. Ulishuka, ukapanda. Kwa mazoea nilitazama chini kutafuta viatu. Kulikuwa na vumbi tu, lililofagiliwa na mimi, halina unyayo.

Misa ilisomwa Giheke wiki ileile, nasi tulikwenda wote, hata seremala, akakaa nyuma ya kanisa ameshika kofia yake magotini. Mwaka uliofuata nilifungua kufuli asubuhi nikaenda moja kwa moja kwenye kona. Vumbi lilikuwa tupu. Nilisimama pale nikalia, sijui kwa furaha au kwa kitu gani.

Mzee hakupanda kiti tena. Alihamia Gitambi kwa binti yake, akaketi kwenye baraza akisikiliza mpira wa miguu redioni na kutukana waamuzi asiowaona. Nilimtembelea mara ya mwisho mchana mmoja wa kiangazi, nikimpelekea suruali. Aliijaribu kwa vidole kwenye pindo, akasema imenyooka. Tukanywa chai. Nilikuwa nimebeba swali lile kwa muda mrefu, nikaona nisipouliza leo sitauliza tena. Nikamwambia, Mzee, siku ile, upande ule wa pili wa kiti, ulimpa nani mkono?

Alizima redio. Akafungua kiganja chake cha kulia akakielekeza kwenye mwanga, ingawa macho hayakuwa na faida tena.

"Sikuona," akasema.

Nikajua ndiyo basi, maana baada ya neno hilo hakuwahi kuongeza kitu maisha yake yote. Nikainuka nikachukua mkoba wangu. Nilikuwa tayari nimeshuka ngazi ya baraza aliponiita.

"Maman Ligne. Ile mukono ilikuwa na jasho."